Karani Ajifunza Upishi wa Kitaliani Katika Mtaa wa Kaloleni

Wasomaji wengi watacheka watakaposoma kwamba mwanamume wa miaka thelathini na sita, karani wa Serikali na baba wa watoto wawili, amekwenda kukaa jikoni kwa watu ili afundishwe kupika. Tena si kupika ugali na sukuma wiki, bali chakula cha Wataliani. Na wacheke. Mimi mwenyewe nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza, maana sababu iliyonipeleka huko haikuwa ya kuchekesha.

Mwezi wa Machi mke wangu alipasuliwa tumbo. Aliporudi nyumbani kwetu Makadara, daktari aliamuru kwamba kwa muda wa majuma sita asiinue kitu kizito, wala asisimame mbele ya moto. Basi mzigo wa jikoni ukaniangukia mimi, nami katika miaka kumi ya ndoa yetu nilikuwa sijapika kitu isipokuwa chai. Juma la kwanza jirani zetu walituletea chakula, Mungu awabariki. Juma la pili nikawa nanunua chipsi na mkate njiani nitokapo kazini. Juma la tatu, tulipokuwa mezani na mkate wetu, binti yetu mwenye miaka saba aliniuliza kwa upole, "Baba, Mama atapona lini ili tule?"

Sikuwa na jibu. Mke wangu alikuwa chumbani, na mlango ulikuwa wazi. Alisikia, nami nilijua kwamba amesikia.

Kesho yake mwenzangu mmoja wa afisini aliniambia habari za mzee mmoja, mpishi aliyestaafu, ambaye hufundisha watu nyumbani kwa mwanawe huko Kaloleni kila Jumamosi alasiri. Nilitaka mwalimu wa sukuma wiki, lakini mzee huyo, nikaambiwa, ni bingwa wa mapishi ya Kitaliani. Nikasema ni mamoja. Mtu atakayenifundisha kushika kisu na kuutawala moto ndiye niliyekuwa nikimtafuta. Kuuliza si ujinga.

MTAA WENYE HISTORIA

Atokaye Makadara kwenda mjini hufuata barabara ya Jogoo, na kabla ya kufika mjini huona soko la Burma, mashuhuri kwa nyama. Karibu na hapo ndipo penye Kaloleni. Mtaa huo ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika. Nyumba zake ni za mawe, fupi, zenye mapaa ya vigae, nazo zilipangwa kuzunguka viwanja vya majani na miti. Tofauti yake kubwa na makao mengine ya siku zile ni kwamba haukukusudiwa wanaume wapweke waliolala wengi katika chumba kimoja, bali mtu na mkewe na watoto wao. Ukumbi wake wa mikutano ulipata sifa kubwa katika siku za kudai uhuru.

Wakaaji wa siku nyingi husimulia kwamba mafundi waliozijenga nyumba hizo walikuwa mateka wa vita wa Kitaliani. Katika mwaka 1941 majeshi ya Italia yalishindwa katika Somalia na Ethiopia, na maelfu kwa maelfu ya askari wao wakaletwa Kenya kama mateka. Walitiwa katika kazi nyingi, hasa za barabara na majengo. Msafiri ateremkaye bondeni kwenda Mai Mahiu ataliona kando ya njia kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942, walipokuwa wakitengeneza barabara ile. Mkuu wao, Duke wa Aosta, alifariki Nairobi mwaka huo huo akiwa mateka, na kaburi lake liko Nyeri.

Mmoja wa mateka hao, Felice Benuzzi, alitoroka kambini Nanyuki mwezi wa Januari 1943 pamoja na wenzake wawili. Hawakutoroka ili wapate uhuru. Walitaka kupanda Mlima Kenya, wakala akiba ya chakula waliyojiwekea kidogo kidogo, wakasimika bendera yao katika kilele cha Lenana, kisha wakarudi wenyewe kambini! Niliposimulia kisa hicho kwa mzee wetu, alitikisa kichwa akasema, "Nawajua watu wale. Na huko juu, nakuapia, walizungumza habari za chakula."

MWALIMU NA WANAFUNZI WAKE

Mzee huyu alizaliwa upande wa Nyeri. Mapadre wa Consolata kutoka Turin walifika katika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, nao walieneza misheni zao huko. Mzee, alipokuwa kijana, aliingia jikoni kwa mapadre Wataliani kupasua kuni na kuosha sufuria. Akatazama, akauliza, akapewa kisu. Baadaye alishuka Pwani mpaka Malindi, mji ambao Wataliani wengi wamefanya makao na mahoteli, akapika huko hata alipostaafu. Kitaliani anakisema kama maji, ingawa hajapata kuiona Italia kwa macho yake.

Tulikuwa wanafunzi wanne. Wa kwanza ni mama mwenye kibanda cha chakula karibu na Gikomba, ambaye alitaka kuongeza kitu kipya kwa wateja wake. Wa pili ni kijana atafutaye kazi hotelini. Wa tatu ni binti wa Kisomali kutoka Eastleigh, naye alikuja, kama alivyosema, kumchunguza mzee kama kweli anajua. Wa nne ni mimi. Kila mmoja alitoa shilingi mia tatu, na vyakula tulichanga.

Nilikuwa nimevaa shati jeupe na tai, na mkononi nilikuwa na daftari jipya na kalamu mbili. Mzee alinitazama kutoka juu hata chini.

"Wewe ndiwe karani?"

"Ndiyo, Mzee."

"Vua tai. Na daftari liweke pale juu ya kabati. Leo mkono ndio utakaoandika."

UNGA NA MAYAI

Kazi ya kwanza ilikuwa kutengeneza tambi za Kitaliani kwa mikono yetu. Mzee alieleza kwamba tambi kavu za dukani aghalabu hufanywa kwa ngano ngumu na maji, lakini katika sehemu za kaskazini ya Italia watu hukanda nyumbani unga laini wa ngano pamoja na mayai. Kipimo chake ni chepesi kukumbuka: gramu mia moja za unga kwa yai moja, na hiyo yamtosha mtu mmoja. Unga humwagwa mezani kama kichuguu, katikati pakachimbwa shimo, mayai yakavunjwa humo na kukorogwa kwa uma polepole, huku unga ukichotwa kidogo kidogo kutoka kandokando.

Mimi nilikuwa na haraka. Niliuvunja ukuta wa kichuguu changu, na mayai yakatiririka mezani mpaka kwenye suruali yangu. Yule kijana akaangua kicheko. Mzee hakucheka. Aliyazuia mayai kwa kiganja, akayarudisha ungani, akasema, "Mwanangu, unga ni kama mtoto. Ukimharakisha, hulia."

Hapo tulikanda kwa muda wa dakika kumi. Unasukuma kwa kisigino cha kiganja, unakunja, unageuza, unasukuma tena, mpaka donge linakuwa laini kama ndewe ya sikio. Mama wa kibanda alitushinda wote, maana hukanda chapati kila siku tangu alfajiri. Lakini alitaka kutia maji ya moto na mafuta kama afanyavyo kwa chapati, akakatazwa. Kisha donge hufunikwa kwa kitambaa na kupumzishwa nusu saa. Lisipopumzishwa hukunjamana na kukataa kusukumwa.

Tuliposukuma tulitumia kifimbo kile kile cha chapati, ila tulisukuma mpaka ukaweza kuona kivuli cha mkono wako upande wa pili. Tukanyunyiza unga, tukakunja kama mtu anavyokunja mkeka, tukakata kwa kisu vipande vyembamba, tukavikung'uta vikawa kama kanda ndefu. Wataliani huziita tagliatelle, na maana yake ni vitu vilivyokatwa. Zangu zilikuwa nyingine nene, nyingine nyembamba. Mzee alisema zitajulikana kuwa ni za nyumbani.

MCHUZI HAUTAKI HARAKA

Mchuzi ulikuwa wa nyama ya kusaga. Kitunguu, karoti na bua la seleri hukatwa vidogo sana, vikakaangwa katika mafuta kwa moto mdogo mpaka vilainike bila kuungua. Mzee alisema huo ndio msingi, na asiyeweka msingi asijenge nyumba. Kisha nyama hutiwa, ikageuzwa mpaka maji yake yakauke. Halafu nyanya zilizomenywa, chumvi, na maji kidogo. Baada ya hapo huachwa juu ya moto mdogo kwa saa mbili, ukitokota pole pole tu.

Nilishangaa alipotuambia kwamba nyanya si za asili ya Italia. Zilitoka bara la Amerika, nazo zilifika Ulaya baada ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492. Mahindi pia yalitoka huko huko. Watu wa kaskazini ya Italia, mamia ya miaka, wamekula sima ya mahindi ambayo wao huiita polenta. Huisonga kwa mwiko katika chungu, huimwaga juu ya ubao, na wengine huikata kwa uzi badala ya kisu. Katika karne ya 18 na ya 19 maskini wengi huko walikula sima hiyo karibu peke yake, wakapatwa na ugonjwa mbaya wa ngozi na akili uitwao pelagra, kwa kukosa maziwa, nyama na vyakula vingine.

"Kwa hiyo," akasema mama wa kibanda, "hao nao ni watu wa ugali?"

"Ni watu wa ugali," akajibu Mzee. "Hiki mnachokiona hotelini kwa bei kubwa ni chakula cha wakulima."

Ndipo binti wa Eastleigh alipopata nafasi yake. Alitukumbusha kwamba Italia ilitawala kusini ya Somalia hata vita vya 1941, kisha ikarudishwa kuisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa tangu 1950 mpaka 1960. Wataliani waliondoka, tambi zikabaki. Wasomali huziita baasto, na mchuzi huuita suugo, neno la Kitaliani hasa. Lakini wao hutia bizari, huweka nyama ya mbuzi, na pembeni huweka ndizi mbivu iliwe pamoja. Wakimbizi waliokuja kwa wingi baada ya 1991 waliongeza chakula hicho katika Eastleigh, na leo mtu yeyote wa Nairobi aweza kukila huko. Nami nikawakumbusha tambi za ndugu zetu wa Pwani, zipikwazo kwa sukari, nazi na iliki, hasa katika mwezi wa Ramadhani. Mzee alisikiliza habari za ndizi kwa uso wa mashaka, lakini alimtuma kijana dukani akanunue mbili.

MANENO YA MZEE

Tulipokuwa tukingojea mchuzi, yule kijana aliuliza, kwa utani, kama si aibu mwanamume kufundishwa kupika.

Mzee alicheka. Alisema kwamba katika siku za Wazungu wapishi wa nyumba za Nairobi walikuwa wanaume karibu wote. Walivaa kanzu nyeupe, wakaoka mikate, wakachoma nyama, wakatengeneza keki za sikukuu. Hakuna aliyewacheka, kwa kuwa walikuwa na mshahara. Lakini mpishi huyo huyo aliporudi kwake kwa likizo, hakugusa mwiko. Huko ilikuwa aibu.

Kisha akanyamaza kidogo, akasema:

"Mimi nilipika miaka arobaini na mmoja. Nilipikia mapadre, nikapikia watalii, nikapikia harusi za watu nisiowajua. Nikienda nyumbani nilikaa kitini kama mgeni, na mke wangu akanipikia. Siku moja aliniuliza, 'Hicho unachowapikia Wazungu kina ladha gani?' Nikamwambia, 'Iko siku utaonja.' Alifariki mwaka 2016. Hakuonja."

Hakuna aliyesema neno. Mama wa kibanda alitazama chini. Mzee aliinuka, akafunua sufuria, akakoroga, akaniambia, "Bwana Karani, punguza moto."

MAJI YA CHUMVI

Tambi za mikono huiva upesi, dakika tatu au nne tu. Maji yawe mengi, lita moja kwa gramu mia moja za tambi, yawe yanachemka hasa, na yatiwe gramu kumi za chumvi kwa kila lita. Haifai kuzichemsha mpaka zilegee kama uji. Mtaliani hutaka tambi ishikwe na jino kidogo inapotafunwa. Kabla ya kumwaga maji, huchotwa kikombe kimoja kikawekwa kando, maana yana wanga, nao huufanya mchuzi ushikamane na tambi. Mwisho tambi hutiwa ndani ya sufuria ya mchuzi, zikageuzwa pamoja juu ya moto, wala hazirundikwi sahanini na mchuzi kumwagwa juu kama kofia.

Jibini ya Kitaliani ni ghali, wala sisi hatukuwa nayo. Mzee alichukua mkate uliolala, akausaga kwa mikono, akaukaanga katika mafuta na kitunguu saumu mpaka ukawa wa rangi ya dhahabu, akatunyunyizia. Alisema maskini wa kusini ya Italia hufanya hivyo wakikosa jibini. Tulikula sote mezani pake. Binti wa Eastleigh alikula na ndizi yake, akampa Mzee kipande. Mzee alitafuna kwa makini, akasema, "Haya. Nimejifunza."

JUMAPILI YA NYUMBANI

Kesho yake, baada ya ibada, nilifunga mlango wa jikoni nikaanza. Binti yangu alishikilia unga, na mdogo wake akahesabu mayai. Mke wangu aliletewa kiti mlangoni, kwa kuwa alikataa kubaki chumbani. Kwa muda wa saa tatu hakutoa shauri hata moja, ijapokuwa niliona mara kadhaa akiuma mdomo. Kichuguu changu safari hii hakikuvunjika. Mchuzi uliungua kidogo chini, nikauhamishia sufuria nyingine bila kukwangua, kama tulivyofundishwa.

Nilimpa mke wangu sahani ya kwanza. Watoto walimtazama, nami nikamtazama. Alikula kijiko kimoja, kisha cha pili.

"Chumvi imezidi," akasema. Kisha akasogeza sahani. "Niongezee."

Sasa mke wangu amepona, naye amerudi kazini. Jikoni hakunirudishia uvivu wangu; sukuma wiki na maharagwe nimefundishwa na yeye mwenyewe, na siku mbili za juma ni zangu. Wenzangu wa afisini wamepata habari, wakaniita Mpishi. Naliitikia jina hilo.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili kila mtu ale tambi. Katika mitaa yetu, kuanzia Shauri Moyo hata Jericho, na kuanzia Bahati hata Umoja, kuna wazee na akina mama wenye ujuzi uliokaa mikononi mwao, nao watakufundisha ukipiga hodi kwa adabu. Nenda kwao wangali wako. Na wewe uliye na ujuzi wa kupika, kama ni mwanamume au mwanamke, usiuweke wote kwa ajili ya wenye kulipa. Wapikie walio nyumbani kwako, nao waonje. Hilo ndilo somo kubwa nililolipata Kaloleni, wala halimo katika daftari langu, ambalo Mzee aliliweka juu ya kabati, nami nikalisahau huko huko.